Kuupima mji wa Arusha kwa miguu kabla ya kulipa kodi ya nyumba

Mdogo wangu aliambiwa mwezi Julai kwamba ofisi yake ingehamia Arusha kufikia katikati ya mwaka unaofuata, na nafasi yake ipo akikubali kuhama. Yeye na mumewe wakakubali, ila wakajiwekea sharti moja: hawatalipa kodi ya nyumba yoyote mpaka wajue watafanyia wapi mazoezi. Walikuwa wakiishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, na kila mmoja katika nyumba ile ana mchezo wa nje ambao hayuko tayari kuuacha. Mdogo wangu hukimbia alfajiri kabla ya kazi. Shemeji huendesha baiskeli masafa marefu siku za Jumamosi, na milima anaipenda kuliko bahari. Kijana wao wa kidato cha pili ni mwogeleaji wa mashindano ya shule. Mimi ninaishi Arusha na nimekuwa nikiongoza vikundi vya jogingi hapa, ndiyo maana walitaka niwatembeze.

Sharti lile lina uzito kuliko linavyosikika. Mwenye nyumba wa Arusha, kama wa Dar, anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anachukua ya mwezi mmoja. Ukishalipa Njiro, kisha mwezi wa pili ukagundua kwamba ulichokuwa unakitaka kiko Ilboru, fedha yako hairudi. Na mtu anayeacha mazoezi kwa nusu mwaka mara nyingi hayarudii tena. Nimewaona wengi waliohamia hapa wakiwa wakimbiaji wazuri, leo hawakimbii kabisa, na ukiwauliza watakuambia kazi zimezidi. Ukichunguza unakuta walipanga mahali ambapo kutoka nje saa kumi na moja na nusu alfajiri ni mtihani.

Walikuja na orodha: mlima Meru, Kilimanjaro, ziwa Duluti, maporomoko ya Materuni, Ngorongoro. Ni orodha nzuri ya mgeni. Mkaazi anahitaji nyingine. Mlima Meru una mita 4,566 na unaonekana karibu kila mtaa wa Arusha, lakini kuupanda ni safari ya kupangwa. Uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, unaanzia lango la Momella, unalala kibanda cha Miriakamba kisha Saddle, na lazima mfuatane na askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu njia ya chini ina nyati. Siku tatu au nne zinakwenda hapo. Kiingilio cha raia ni kidogo kikilinganishwa na cha mgeni, hata hivyo gharama nyingine zipo. Kwa hiyo mtu anayefanya kazi ataupanda mara moja kwa mwaka, akijitahidi mara mbili. Anayechagua mtaa kwa sababu ya mlima huo amechagua kwa ajili ya siku nne kati ya 365.

Nikawaomba waiweke orodha kando, tujibu swali moja kwa kila nyumba tutakayoonyeshwa: siku ya Jumanne, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukifungua geti, unaelekea wapi na unarudije? Tulilijibu kwa kulitenda, maana dalali atakuambia mtaa wowote una njia nzuri ya mazoezi.

Saa yenyewe ina hesabu yake. Jua la Arusha linachelewa kuchomoza kama dakika kumi kuliko la Dar, kwa kuwa tuko magharibi zaidi. Novemba linatoka mapema, saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, lakini Februari na Julai linakaribia saa kumi na mbili na dakika arobaini. Dakika kumi ni kitu kidogo kwa mtu anayekimbia jioni. Kwa mdogo wangu, ambaye saa moja na nusu anapaswa kuwa ameshaoga na yuko garini, maana yake ni kwamba miezi kadhaa ya mwaka sehemu kubwa ya mazoezi yake itakuwa gizani. Hapo taa za barabarani zinakuwa jambo la kuamua nyumba. Zipo nyumba mbili nzuri sana tulizoziondoa kwenye hesabu kabla hatujauliza bei, kwa sababu kutoka getini hadi kwenye taa ya kwanza kulikuwa na kichochoro kirefu chenye mtaro wazi.

Walikuja kwanza mwezi Agosti, ndani ya kipupwe. Asubuhi ni baridi, joto linaweza kuwa nyuzi 13 au 14, ukungu umeufunika Meru, na mtu wa Mbezi anaona amefika peponi. Mdogo wangu alitoka kwa kasi yake ya Dar, na hakufika mbali akashika kiuno. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingia na oksijeni pungufu. Mwili huzoea, lakini unahitaji wiki kadhaa. Nililisisitiza hili kwa sababu linapotosha upimaji: siku za mwanzo kila mwinuko unaonekana mkali na kila njia ngumu, na mtu anaweza kuukataa mtaa mzuri kwa kosa la mapafu yake. Tuliamua siku za mwanzo ni za kutembea tu. Kukimbia kwa kupima kulianza baadaye, na taratibu.

Mwinuko huo huo ndio unaowaleta wanariadha huku. Mkoa huu ndio ulimtoa Filbert Bayi, mtu wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, ni mtoto wa Singida, na mazoezi yake ameyafanyia Arusha. Kwa mkimbiaji wa kawaida faida yake ni ya kila siku: hapa mtu anayekimbia asubuhi si kioja. Wakimbiaji wenye miguu myembamba wanakupita kimya kimya, dereva wa kifodi, yaani daladala ndogo ya hapa, amewazoea, na watoto wanaokwenda shule hawasimami kukushangaa. Mdogo wangu aliliona hilo asubuhi ya kwanza na likamgusa kuliko mandhari yote.

Tulipita pande nne za mji kwa makini. Ilboru na Sakina ziko upande wa kaskazini, kwenye mteremko wa Meru. Ni kijani, hewa yake ni baridi, kahawa na migomba vimeshikana, na vijia vya kupanda mlimani vinaanza nyuma ya nyumba. Shemeji alipendezwa papo hapo. Tengeru na Usa River ziko mashariki, njia ya Moshi. Huko kuna ziwa Duluti, ziwa dogo la kreta lenye msitu wa hifadhi ukingoni na njia ya kulizunguka kwa miguu ambayo mtu mzima au mtoto anaimudu. Ubaya ni safari ya kuingia mjini kila asubuhi. Hata baada ya barabara ya Sakina hadi Tengeru kuwa ya njia nne, foleni na matuta vinakula muda, na muda huo ndio ungekuwa wa mazoezi. Kisongo, magharibi, ni tambarare, viwanja ni vikubwa, kodi ni nafuu, na Agosti vumbi lake linaingia hadi kooni. Njiro iko kusini mashariki, imepangika zaidi, mvua yake ni pungufu kuliko ya Ilboru, na watu wengi huisema kuwa haina mvuto. Mimi sikubaliani nao, na sababu nitazitaja.

Kwa baiskeli, swali ni barabara ipi haitakuua. Nalisema kwa uzito kamili. Barabara kuu ya Moshi ina mabasi yanayokimbizana na vifodi vinavyosimama ghafla kushusha abiria, na ya Namanga ina malori ya Kenya usiku na mchana. Kinachowaokoa waendesha baiskeli wa Arusha ni barabara ya mchepuo, ambayo kila mtu anaiita baipasi, inayouzunguka mji kwa kusini kutoka upande wa Usa River hadi upande wa Ngaramtoni, kilomita arobaini na kitu. Malori yapo huko pia, ila makutano ni machache na dereva anakuona kutoka mbali. Shemeji aliipita asubuhi na alasiri, kwenda na kurudi, kwa sababu upepo wa uwandani hauonekani kwenye ramani. Asubuhi ulikuwa mpole. Alasiri ulimkamata usoni na kasi yake ikashuka mno, akaamua palepale kwamba Jumamosi zake zitaanza alfajiri.

Alijifunza na la miiba. Ukiiacha lami kuelekea Kisongo au Monduli, njia za vumbi zimejaa miiba ya migunga, na pancha ni ya uhakika. Mafundi baiskeli wa mjini ni hodari, lakini wengi wamezoea baiskeli za kubebea mizigo. Mwenye baiskeli ya gia nyingi, hasa ya matairi membamba, aje na tyubu na vipuri vyake kutoka Dar au Nairobi. Hili linaulizwa kabla ya kuhama, kwa kumtembelea fundi na kumwonyesha baiskeli yenyewe. Shemeji aliipeleka kwa mafundi kadhaa, akampata mmoja aliyeishika gia kwa namna ya mtu anayeijua, akachukua namba yake ya simu. Kwangu mimi, namba ile ilikuwa na thamani kuliko ziara ya hifadhini.

Sasa nije kwenye watu, maana mtaa ni watu. Kila nyumba iliyobaki kwenye hesabu tuliifuata alfajiri bila dalali, tukazungumza na waliokuwa macho saa hiyo: walinzi, mama wa chapati na chai, vijana wa bodaboda kijiweni. Kule Njiro tulimkuta mlinzi mmoja mzee akiota moto wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmepotea au mnatafuta nyumba?"

"Tunatafuta nyumba. Huyu mdogo wangu hukimbia asubuhi, saa kumi na moja na nusu hivi. Njia hii inafaa?"

Akamtazama, akatazama njia. "Mpaka pale kwenye kona ya duka, hamna shida, tupo walinzi kila geti. Ukivuka duka kuna mbwa wa jirani, wanafungiwa saa kumi na mbili. Na kule darajani, mama, usipite mpaka kuwe kweupe. Ukija kukaa, nipitie unisalimie, nikujue."

Maneno yale mafupi yalitupa kila tulichokihitaji: umbali ulio salama, saa ya mbwa, mahali pa kuepuka, na mtu wa kumfahamu. Mbwa si jambo dogo. Kichaa cha mbwa kipo nchini na kinaua. Aking'ata, jeraha linaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu anakwenda hospitali siku ileile kwa chanjo. Tuliangalia pia ni hospitali gani ya karibu ingekuwa na chanjo hiyo, na ninamshauri kila mkimbiaji anayehama afanye hivyo.

Mwanamke anayekimbia peke yake ana hesabu ambayo mumewe haioni. Mdogo wangu alikimbia njia zilezile bila sisi, tukiwa nyuma kwa gari, kwa sababu akiwa na wanaume wawili kando hakuna kijana wa kijiweni atakayemtupia neno. Alipita Sakina, akapita Njiro, akaniambia wazi wapi alitupiwa maneno na wapi alisalimiwa tu. Sikuwa na cha kuongeza. Kikundi cha jogingi kinasaidia sana hapa. Mji huu, kama miji yote ya Tanzania, una vikundi vinavyokutana Jumamosi na Jumapili asubuhi na fulana zao za rangi moja. Alijiunga na kundi la WhatsApp la kimoja akiwa bado Dar, na alipokuja mara ya pili alikuwa na watu wa kukimbia nao.

Mara hiyo ya pili ilikuwa Aprili. Niliwasihi wasiamue kwa Agosti peke yake, na kama kuna sehemu ya kisa hiki ambayo ningependa kila anayehama aishike, ni hii. Masika huku yanaanza Machi hadi Mei, na upande wa kusini wa Meru unanyeshewa sawasawa. Vijia vya Ilboru vilivyomteka Shemeji vilikuwa mifereji. Udongo wa volkano ukiloa unateleza kama sabuni, maji yanashuka kwa nguvu kutoka mlimani, na njia moja tuliyoipenda Agosti ilikuwa imekatika kabisa. Tulijaribu kupanda. Mdogo wangu alirudi na matope hadi magotini, na kazini anapaswa kufika saa mbili. Kisongo, kule kwenye vumbi, kulikuwa na madimbwi ya upana wa barabara. Njiro kulinyesha pia, lakini lami ilipitika na barabara za changarawe zilikauka kabla ya mchana.

Hapo ndipo mizani ilipolala upande wa Njiro. Ilboru inapendeza kuliko Njiro, silipingi hilo. Lakini mtaa wa mazoezi unapimwa kwa miezi yake mibaya, na Njiro ndiyo iliyokuwa na miezi mibaya michache. Njia yake ya alfajiri ina walinzi na taa, baipasi iko jirani kwa ajili ya baiskeli, kilima cha Suye hakiko mbali kwa anayetaka mwinuko mfupi, na Duluti ni ya Jumapili. Kwa Shemeji tulipanga milima kwa kalenda: Monduli kiangazi, Materuni pale Uru juu ya Moshi wakati wowote barabara inapopitika, Meru mara moja kwa mwaka, na mbio za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa familia nzima, kwa kuwa pamoja na kilomita 42 na 21 kuna za 5 pia.

Kijana ndiye aliyetupa kazi. Mwogeleaji wa Dar amezoea maji ya vuguvugu mwaka mzima. Huku mabwawa mengi yako wazi na hayapashwi moto, na Juni hadi Agosti maji yake yanauma. Kwa bahati Agosti iliwakuta hapa. Aliingia kwenye bwawa la shule moja waliyokuwa wakiifikiria, akatoka midomo inatetemeka, na mwalimu wa michezo akatueleza kwa uungwana kwamba miezi hiyo wao hupunguza sana mazoezi ya majini. Bora kuyajua hayo ukiwa umevaa taulo pembeni ya bwawa kuliko baada ya kulipa ada. Tuliendelea kuuliza, tukapata shule nyingine, si mbali na Njiro, ambayo waogeleaji wake hufanya mazoezi saa tisa alasiri, jua likiwa limeshayapasha maji. Kijana alikubali, ingawa kwa shingo upande. Maziwa na mito ya kuogelea hatukuyaweka kwenye mpango wa mazoezi. Chemchemi za Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, maji yake ni safi na ya vuguvugu, ila ni mahali pa kupumzikia na watu ni wengi.

Jambo la mwisho halionekani kuwa la michezo, lakini mwanamichezo hunywa maji mengi kuliko jirani yake. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Meru yana madini ya floridi kupita kiasi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima na chemchemi za Arumeru vinavyopita hapo mara kadhaa. Ndiyo maana unawaona watu wengi waliokulia huku wana meno ya kahawia, na waliokunywa maji yenye floridi nyingi mno kwa miaka hupata maumivu na ulemavu wa mifupa. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki palepale. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi kubwa ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Kwa hiyo swali letu kwa kila mwenye nyumba lilikuwa maji yanatoka wapi, kisima au bomba la mamlaka, na kama yamepimwa. Aliyekuwa na kisima na hana majibu ya kipimo tulimwomba sampuli, tukaipeleka maabara wenyewe.

Nyumba waliyoichukua Njiro ina kisima, na kipimo kilionyesha floridi juu ya kiwango. Hawakuiacha kwa sababu hiyo, maana kila kingine kilikuwa sawa. Walipatana na mwenye nyumba: kodi ya miezi sita badala ya mwaka, ili kijana aimalize miezi ya baridi kwanza ndipo waamue kuendelea, na maji ya kisima yawe ya kufulia, kuoga na kumwagilia. Kisha wakaongeza kipengele kimoja kwa mkono chini ya mkataba, pande zote zikaweka sahihi: mwenye nyumba ataweka mifereji ya bati na tangi la lita 5,000 la kuvunia maji ya kunywa kabla mvua za vuli hazijaanza, na mpaka hapo atawaletea maji ya kunywa kwa gharama yake.